Kaburi la Kamera

Panga la Zachariah halikumgusa mtu.

Najua, najua. Wiki nzima mmesubiri damu, na baadhi yenu mmenitumia ujumbe wa matusi eti nilikatiza hadithi panga likiwa hewani. Sasa tulieni. Panga lile lilishuka, likapita bega la Nyamoita, likazama kwenye rundo la udongo kando ya kaburi. Nyamoita hakuruka wala hakupiga kelele. Mguu wa kushoto tu ndio uliotetemeka, na akaukanyaga kwa mguu wa kulia ili watu wasiuone.

Lakini msishangilie mapema. Yaliyofuata yalimuuma kuliko panga.

Kama umelikuta gazeti hili kwa kinyozi na huijui habari yetu, shika haya machache. Nyamoita Obwocha ni mwandishi na mwelekezi wa filamu, mzaliwa wa Manga, na hapendwi kwao. Filamu yake ya kwanza ilimvunjia mwalimu mmoja ndoa, kwa sababu kila mtu alimtambua. Ya pili iliwakosanisha majirani hadi leo hawasalimiani. Ya tatu ilishangiliwa Nairobi na kulaaniwa Kisii. Ya nne ndiyo hii, na safari hii amewaanika watu wa damu yake.

Hadithi ni ya mama yake, Persis. Baba yake Nyamoita, mzee Obwocha, alipofariki, mdogo wake Zachariah alihakikisha maiti haizikwi nyumbani kwa marehemu. Ilizikwa ng'ambo ya njia, kwenye shamba la babu. Ukoo wote ulielewa hesabu hiyo. Shamba lisilo na kaburi la wenyewe ni jepesi kudai, na tangu siku ile Zachariah humwita shemeji yake mpangaji, hata mbele ya wageni.

Basi kwenye filamu Nyamoita aliamua kumzika baba yake upya, pale pale mbele ya mlango wa mama yake. Onyesho la mwisho. Nusu ya kijiji walivaa nguo za msiba wakaja kulia. Na Zachariah naye akaja na panga.

"Sikukuja kukukata," Zachariah akasema akipangusa mikono. "Mimi ni mzee wa kanisa. Nimekuja na swali moja tu. Hii kaburi ni ya nani?"

Alisema kwa Kiswahili makusudi, ili wale vijana wa kamera waliotoka mbali wasikose hata neno.

"Ni ya filamu, tata," Nyamoita akajibu. Alimwita tata, yaani baba, kama Wakisii wanavyomwita mdogo wa baba, lakini sauti haikuwa na heshima yoyote. "Toka kwa fremu. Jua linatuacha."

"Sijauliza ni ya nini. Nimeuliza ni ya nani."

"Hakuna mtu ndani. Jeneza limejaa mawe. Tukimaliza tunafukia."

"Mnafukia tupu?"

Hapo wanawake waliokuwa wakiigiza kilio wakaacha kuigiza. Mmoja alimvuta mtoto wake nyuma. Mkisii yeyote, awe wa Manga au wa mjini, analijua jambo hili bila kufundishwa: kaburi likishachimbwa halilali wazi, na halifukiwi tupu. Ukilifukia tupu, litadai mtu wake kutoka boma hilo hilo.

Na hili halikuwa shimo la kuchezea. Nyamoita ana ugonjwa mmoja katika kazi yake: hataki kitu cha uongo mbele ya kamera. Alitaka jeneza lishuke mpaka lipotee machoni, bila kukatiza picha, kwa hiyo akachimbisha kaburi kamili. Wanaume wa kijiji walikataa kushika jembe. Akaleta vijana wa mjini.

"Desturi naijua," Nyamoita akasema. "Nimekata mgomba asubuhi, uko nyuma ya jiko. Tutazika mgomba, kaburi litapata chake. Umeridhika?"

"Nimeridhika."

Aliridhika upesi mno. Zachariah ni mtu anayeweza kubishana na muuza ndizi hadi ndizi ziive, na sasa anakubali kwa neno moja? Nyamoita angesituka hapo. Hakusituka, maana alikuwa akitazama jua.

"Leteni mgomba," Zachariah akawaambia vijana wake wawili. Kisha akapiga mluzi, na kijana wa tatu akapenya kwenye ua akiwa na kitu kirefu ndani ya gunia. Gunia likavuliwa. Ulikuwa msalaba mweupe wenye herufi nyeusi, rangi imekauka vizuri: MATHEW ZACHARIAH.

Mathew alikuwa kitinda mimba wa Zachariah. Alienda Mombasa kutafuta kazi, simu ikanyamaza, na hakuna aliyemwona tena, hai wala maiti. Mtu aliyepotea hivyo huzikiwa mgomba. Unalazwa kaburini mahali pa mwili wake, maombi yanafanywa, na kuanzia siku hiyo ukoo unahesabu kwamba amezikwa hapo.

"Mwanangu amekosa kaburi miaka yote hii," Zachariah akasema, na sauti ikamkatika kidogo. Sijui kama ilikuwa huzuni ya kweli. Mimi simwamini. "Leo Mungu amempatia. Mahali mwanangu amelala, ndipo pangu."

Umeona mtego? Kaburi limechimbwa na Nyamoita kwa hiari yake, kwenye boma la mama yake. Waombolezaji wamealikwa na Nyamoita. Kamera ya Nyamoita inarekodi kila kitu, safi, na sauti ndani. Mwaka ujao Zachariah akienda kudai shamba, shahidi wake wa kwanza atakuwa filamu hii.

Nyamoita aliona mtego, lakini kuna jingine lililomganda masikioni. Mahali mwanangu amelala, ndipo pangu. Maneno hayo hayakuwa ya Zachariah. Yalikuwa ya skripti. Yalikuwa yasemwe kesho na mwigizaji anayemwigiza Zachariah, katika onyesho ambalo halijapigwa bado, na waliowahi kuusoma ukurasa ule, ambao hata mwigizaji hajapewa, walikuwa watu wawili tu duniani.

Mmoja ni yeye. Wa pili alikuwa nyuma ya kamera, jicho moja limefumbwa.

"Ishmael," akaita. "Zima kamera."

Taa nyekundu iliendelea kuwaka. Ishmael Mogire, mpiga picha wake tangu filamu ya kwanza, hakuinua hata kichwa.

"Ishmael, nimesema zima."

"Picha ni nzuri, Nyamoita. Acha nifanye kazi."

Alimwendea. "Ulimpa skripti?"

"Nilimpa."

Hakuficha. Angalau angeficha, jamani, mtu ajue ana adui mwenye aibu.

"Kwa nini?"

"Nenda usome bango lako pale mjini. Limeandikwa 'Mwandishi na mwelekezi, Nyamoita Obwocha.' Hiyo skripti tuliandika wawili, pale Mosocho, kwa chumba changu, mvua ikivuja kwa meza. Jina langu liliendea wapi?"

"Hii ni hadithi ya mama yangu. Wewe ulichapa tu."

Kama kuna sentensi ambayo Nyamoita angeimeza mwaka huu, ni hiyo. Ishmael akafumbua lile jicho lililofumbwa.

"Nilichapa. Sawa. Kila neno la huyo mzee kwa skripti ni langu, hata hili amesema saa hii. Nilitaka tu nilisikie kutoka kwa mwenyewe." Akarudi kwenye kamera. "Na amelisema vizuri kuliko atakavyolisema mwigizaji wako."

Nyamoita angempiga kofi, lakini hakukuwa na nafasi. Vijana wa Zachariah walikuwa wameubeba mgomba mabegani na wanaukaribia ukingo. Alikimbia, akaketi ukingoni, akaning'iniza miguu ndani ya kaburi.

"Basi mtanifukia mimi pia."

"Vizuri," Zachariah akasema. "Hapo hakuna atakayesema limefukiwa tupu."

Watu fulani walicheka. Ndiyo, walicheka. Nilikwambia hapendwi kwao.

Hakuna aliyejitokeza kumsaidia. Sharon, mwigizaji aliyevaa leso nyeusi kichwani akimwigiza Persis, alisogea kando kabisa akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Vijana waliobeba mgomba wakasimama, hawajui kama wamtupie mwelekezi kichwani au wangoje. Zachariah akawaonyesha kwa kidevu: tupeni.

Pikipiki ikaingia kwenye boma.

Aliyeshuka alikuwa Persis mwenyewe. Siku zote hizi alikuwa Nyaramba kwa dada yake, na aliyempeleka huko ni Nyamoita, eti akapumzike mbali na kelele za filamu. Nani alimwita arudi? Hata mimi sijaambiwa. Alimpa mwenye pikipiki chake, akakung'uta vumbi kwenye sketi, akatazama umati wote ule uliovaa nyeusi kwenye boma lake. Hakumsalimia mtu.

Alipita katikati yao. Alipita kando ya kaburi bila kuinamisha macho. Akaenda hadi mlangoni kwake, akapanda kizingiti, akageuka akawatazama wote akiwa ameupa mlango mgongo.

Akatazama kulia kwake. Pale palikuwa na tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo.

Akatazama kushoto kwake. Pale palikuwa na kaburi, na binti yake ameketi ukingoni.

"Zachariah," akasema. Persis si mtu wa Kiswahili, hukitumia sokoni na hospitalini tu, lakini naye aliiona ile taa nyekundu. "Mwanamume anazikwa upande gani ya nyumba?"

"Kulia," Zachariah akajibu.

"Kulia ya nani?"

"Kulia ya mtu anayetoka kwa ny..."

Hakumaliza. Uso wake ulibadilika polepole, na nusu ya kijiji wakageuza vichwa pamoja, mlangoni, kaburini, mlangoni tena.

Hapa ndipo kosa la Nyamoita lilipokuwa, na ni kosa ambalo mtu wa kawaida hawezi kulifanya. Inahitaji mtu aliyekaa nyuma ya kamera miaka mingi. Kwa Wakisii upande wa nyumba huhesabiwa kutoka ndani, ukiwa umesimama mlangoni ukitazama nje: mume hulala kulia, mke hulala kushoto. Skripti ilisema kaburi liwe kulia. Lakini kamera haisimami mlangoni. Kamera inaitazama nyumba, na kilicho kushoto kwa mwenye nyumba huonekana kulia kwenye skrini. Nyamoita alipima kwa jicho la mtazamaji. Zachariah naye aliingia kutoka barabarani, akaikabili nyumba, akaliona kaburi kulia kwake, hasira ikammalizia kazi.

"Mzee anazika kijana upande ya wanawake," akasema Edinah, jirani mwenye mdomo. Hakusema kwa sauti kubwa. Hakuhitaji.

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha mtu mmoja. Vijana wawili wakautua mgomba chini kama unaowaunguza. Yule mwenye msalaba akaugeuza jina likatazama kifua chake. Zachariah akavua kofia, akaivaa tena.

Nyamoita naye alicheka. Alicheka kuliko wote, kwa sauti, akiwa ameketi pale pale ukingoni. "Peleka msalaba wako nyumbani, tata," akasema. "Na skripti unirudishie, umeisoma vibaya."

Binti yangu, ungenyamaza.

Zachariah alimsikiliza hadi akamaliza. Ubaya wa Zachariah ni kwamba akili haimwachi muda mrefu. Alilitazama kaburi, akamtazama Persis kizingitini, kisha akauliza kwa upole, upole ambao ningeuogopa hata kanisani.

"Ni kweli, nimekosea. Hii kaburi si ya mwanamume. Ni ya mwanamke. Na hii nyumba iko na mwanamke mmoja."

Kicheko kikakauka.

"Mimi sikuichimba," Zachariah akaendelea. "Hata mtoto wangu hakuichimba. Muulizeni aliyechimba, alikuwa anangoja nani arudi kutoka Nyaramba."

Hakuna aliyemuuliza kwa maneno. Walimtazama tu. Wanawake wakaanza kufungua vitambaa vya msiba, wakavitupa kwenye nyasi. Mzee mmoja alimshika mjukuu wake mkono wakaondoka bila kuaga. Edinah, yule yule aliyekuwa amemdhihaki Zachariah, sasa alimgeukia Nyamoita.

"Umechimbia mama yako kaburi akiwa hai? Na ukamtoa kwanza asione?"

"Si hivyo," Nyamoita akasema. Alisimama, udongo ukaporomoka ndani. "Mama, si hivyo."

"Uliniambia ni shimo ya kufika kwa goti," Persis akasema. "Uliniambia ni kule chini kwa migomba."

"Kule chini hakuna mwanga, mama. Tulijaribu. Hapa mtu akitazama anaona nyumba, na nyuma yake ule mlima wote wa Manga. Ndiyo fremu niliyoitafuta tangu nianze kazi hii. Na kwenye skrini itaonekana kulia. Hakuna mtu atajua."

"Mimi nisingejua?"

Mwandishi mzima, aliyewaandikia watu maneno ya kusema wakati wa kufa, akakosa neno moja la kumwambia mama yake.

Niseme ukweli wangu hapa. Nimemtetea huyu dada tangu toleo la kwanza. Nimesema ni jasiri, nimesema wanamchukia kwa sababu anasema wanayoyajua. Leo simtetei. Mtu anayempeleka mama yake mapumzikoni ili amchimbie kaburi kwa sababu ya mwanga mzuri, huyo si jasiri, ana moyo mgumu.

Zachariah alikuwa amekunja mikono kifuani. Alikuwa ameshindwa na bado ameshinda. Kaburi liko wazi, haliwezi kulala wazi, haliwezi kufukiwa tupu, na ni la mwanamke. Amuache shemeji yake ahangaike nalo. Atahama kwa hofu, au atakufa kwa hofu, na vyote viwili vinamfaa.

Persis alishuka kizingitini. Alimwendea Sharon, yule mwigizaji, akaifungua leso nyeusi kichwani mwake taratibu, akajifunga yeye mwenyewe.

"Zachariah, umesema hii kaburi haifukiwi tupu."

"Nimesema."

"Na umesema ni ya mwanamke ya hii nyumba."

"Ndiyo."

"Watu wamesikia. Hata hiyo mashini imesikia." Akawageukia wale vijana wawili. "Inueni mgomba. Jina ni Persis Nyamusi, bibi ya Obwocha."

Sauti zikaruka kila upande. Mama mmoja akamshika Persis kiuno akimsihi aache. Mtu hajiziki. Kama una jina hai, huliweki udongoni, ni kama kumwonyesha mauti mlango. Edinah alianza kulia, na safari hii hakuwa anaigiza.

"Mniache," Persis akasema. "Bwana yangu mlimpeleka ng'ambo ya njia, nikanyamaza. Mkaniita mpangaji, nikanyamaza. Sasa mtu akiuliza ni nani amezikwa hapa, mtamwambia ni mimi. Mpangaji hana kaburi."

Zachariah akafungua mdomo.

"Wewe ndiye utaomba," Persis akamwambia. "Si wewe ni mzee wa kanisa? Umekuja kuombea mgomba wa Mathew, ombea wa shemeji yako."

Natamani mngemwona Zachariah. Umati mbele yake, kamera kando, maneno yake mwenyewe yamemzunguka shingoni. Akikataa, kaburi litabaki wazi na lawama ni yake. Akiomba, amemzika Persis kwenye shamba hilo kwa kinywa chake. Kofia ikatoka kichwani. Aliomba maombi mafupi kuliko yote aliyowahi kuomba, na alipofika kwenye jina alilitafuna, Persis akamwambia arudie. Akarudia.

Mgomba ukashuka. Udongo wa kwanza ukalia juu yake.

Sasa fuateni macho ya Nyamoita. Alikuwa amesimama peke yake, machozi yanamtiririka, hilo silikatai. Mama yake alikuwa akitupa udongo kwa mkono juu ya jina lake mwenyewe, leso nyeusi kichwani, ule mlima nyuma, jua limelala kwenye paa la mabati. Ilikuwa picha ambayo mwelekezi huisubiri maisha yote na wengi hufa hawajaipata.

Miguu ilimpeleka yenyewe. Hatua kwa hatua alirudi nyuma hadi akafika kwa Ishmael, yule aliyemsaliti dakika chache tu zilizopita. Akainama kwenye kile kioo kidogo cha kamera. Akafuta machozi kwa kiganja ili aone vizuri.

"Umeipata?" akanong'ona. "Uso wake uko wazi?"

Kulikuwa kimya mno pale bomani. Mnong'ono ulifika kaburini.

Mkono wa Persis ukasimama hewani, udongo ukidondoka katikati ya vidole. Akageuka. Akamwona binti yake ameinama kwenye kioo, mgongo umepinda, akimtazama mama yake mle ndani badala ya kumtazama pale aliposimama.

Alimalizia udongo wake, akawaachia vijana majembe, akangoja hadi kaburi likafunikwa na kupigwapigwa likakaa. Zachariah akalinyooshea kidole.

"Kaburi ya mgomba haiwezi kusimama kortini," akasema, amesahau kwamba alikuja na yake.

"Basi kuja uifukue," Persis akamjibu.

Hakuna mtu wa Manga angegusa jembe lile, na Zachariah alilijua hilo kuliko wote. Aliondoka na vijana wake, msalaba ukiwa chini ya kwapa, jina limefichwa. Watu walimpisha njia bila kumuaga. Shamba lilikuwa limepona, na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, niliona mtu akimshinda Zachariah mchana kweupe.

Nyamoita aliinuka kutoka kwenye kioo, uso unang'aa. Alimkimbilia mama yake mikono wazi.

"Mama, umemmaliza. Mama, hata ningeandika nisingeweza kuandika vile."

Persis akarudi nyuma hatua moja. Mikono ya Nyamoita ilikumbatia hewa.

"Mama yako amezikwa," Persis akasema. "Ulikuwa hapo. Umepiga picha."

"Mama, usiseme hivyo."

"Ulikuwa unauliza kama uso iko wazi. Iko wazi?"

"Nisamehe. Ni kazi tu, ni mazoea, sikufikiri."

"Najua hukufikiri."

Akampita, akaenda hadi kwenye kamera. Ishmael akasimama wima kama mtoto wa shule, hajui kama atatukanwa au atapigwa. Alistahili vyote viwili.

"Wewe kijana. Ni kweli mliandika wawili?"

"Ni kweli, mama."

"Na ulimpa Zachariah makaratasi ili anidhulumu."

"Nilimpa ili nimuumize Nyamoita. Wewe sikukufikiria, mama. Nimekosa."

"Wewe umesema umekosa bila kuniambia habari ya mazoea." Persis akafungua leso kichwani, akaikunja mara mbili. "Kazi imebaki kiasi gani?"

"Maonyesho machache. Yote ni hapa nyumbani kwako."

"Basi kwa nyumba yangu, wewe ndiye utasema nani asimame wapi. Jina lako iandikwe. Huyu mwingine simjui."

Nyamoita alidhani amesikia vibaya. Aliwatazama vijana wake wa sauti, wa taa, wa mavazi, watu aliowalipia nauli na kuwafundisha kazi, akingoja mmoja aseme kitu. Sharon alikuwa akipokea leso yake kutoka kwa Persis. Kijana wa sauti alikuwa tayari anamtazama Ishmael, akingoja amri.

"Hamwezi," Nyamoita akasema. "Hii filamu ni yangu. Ni maisha yangu."

Ishmael alitazama jua, akatazama kaburi jipya, akamtazama Persis aliyekuwa amesimama kizingitini tena. Kisha, kwa sauti ile ile ambayo Nyamoita aliitumia kwa filamu nne, akasema:

"Tunaanza. Nataka mama mlangoni na kaburi. Huyo aliyesimama kwa fremu atolewe."

Nyamoita hakutoka. Alikita miguu yake pale pale kati ya kamera na kaburi, akakunja ngumi, akawaambia atakayemgusa atajuta.

Vijana wakasitasita.

Mtu wa kwanza kumshika mkono na kumvuta alikuwa mama yake.